Usiwaimbishe Kabla ya Kuwalipa

Mwongozo huu namwandikia mwenye kampuni ndogo ya utalii pale Moshi mjini, mwenye gesti Shanty Town, msimamizi wa shamba la kahawa Kibosho, mkuu wa wodi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kwa kifupi, yeyote anayeitwa bosi na watu kuanzia watatu. Unahusu namna ya kuwafanya watu waipende kazi yao na kuifanya kwa moyo. Naanza na jambo ambalo wauza semina huliweka mwisho au hawaligusi kabisa: pesa.

Chukua timu ya Mlima Kilimanjaro. Asubuhi kambini wagumu, yaani wapagazi, hukusanyika, wakapiga makofi, wakaimba na kucheza mbele ya wageni. Wageni hurekodi kwa simu, hufurahi, na huondoka wakiamini timu ina raha. Huenda ina raha kweli. Lakini ndani ya duara lile lile la waimbaji anaweza kuwemo kijana asiyejua atalipwa shilingi ngapi siku ya kushuka, ambaye jana alikula mlo mmoja, na usiku alisubiri wageni watoke kwenye hema la chakula ndipo apate pa kujilaza. Wimbo haukuonyeshi tofauti kati yake na mwenzake aliyelipwa vizuri. Tajiri anayepima furaha ya watu wake kwa sauti ya wimbo anajidanganya, na kwa kawaida hugundua hivyo siku mpishi wake bora anapohamia kampuni ya jirani katikati ya msimu.

Elimu ninayoitegemea hapa inaitwa saikolojia chanya. Ilipata jina na nguvu mwaka 1998, Martin Seligman aliposhika urais wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani na kuwaambia wenzake kwamba wametumia miaka mingi kuchunguza kinachomvunja mtu, na sasa wachunguze pia kinachomstawisha. Baadaye, mwaka 2011, alitaja mambo matano: hisia njema, kuzama katika kazi hadi ukasahau saa, mahusiano, maana, na kufikia lengo. Ni mambo mazuri yote. Tatizo ni kwamba mabosi wengi huchukua la kwanza tu, hisia njema, wakaligeuza keki, fulana za kampuni na picha ya pamoja.

Futa madeni kwanza

Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, Marekani. Waliwauliza lini walijisikia vizuri sana kazini na lini vibaya sana. Majibu hayakuwa pande mbili za jambo moja. Yaliyowaudhi yalikuwa zaidi mshahara, usimamizi mbaya, mazingira na sera za ofisi. Yaliyowapa raha yalikuwa kufanikiwa jambo, kutambuliwa, kukabidhiwa wajibu. Wasomi wamebishana naye tangu hapo, ila kwa mwajiri wa Moshi fundisho lake linafaa: ukiondoa kero hujaleta raha, lakini usipoziondoa, raha haina pa kukaa.

Kwa hiyo fungua daftari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka ni siku 28, na mama aliyejifungua ana siku 84. Je, wako wanapata? Mikataba iko kwa maandishi, au mlikubaliana kwa mdomo kwenye simu? Michango ya NSSF unayowakata inafika? Hakuna kinachoua moyo wa mfanyakazi haraka kama kuangalia taarifa zake na kukuta miezi kadhaa haina kitu, wakati kila mwisho wa mwezi alikuwa anakatwa. Baada ya hapo unaweza kumwita kwenye semina ya motisha kila Ijumaa. Atakuja, atakula sambusa, na hatakuamini.

Kwa timu za mlima mambo haya yana mfano ulio wazi. Tangu 2003 kuna mradi wa KPAP wenye makao Moshi, ulioanzishwa kuwatetea wapagazi. Kampuni zinazojiunga nao hukubali kufuatiliwa kwa mambo ya kawaida kabisa: mshahara wa siku, milo, hema la kulala, uzito wa mzigo usiozidi kilo 20, na namna bahshishi inavyogawanywa. Wapagazi wenyewe huulizwa baada ya safari. Mradi huo pia huazimisha nguo za baridi bure kwa wasio nazo. Sifa yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba haumwulizi bosi kama watu wake wana furaha. Unamwuliza aliyebeba ndoo.

Hapo kwenye bahshishi nikae kidogo, maana ndipo timu nyingi huvunjikia. Wageni wakimkabidhi kiongozi bahasha moja nene siku ya mwisho, kila mtu nyuma ana hesabu yake kichwani. Hata kiongozi akigawa kwa haki, nusu ya timu itashuka na kinyongo, kwa sababu haikuona. Dawa yake haigharimu kitu. Waeleze wageni mapema, kabla hata hawajapanda, kwamba wataandika kwenye karatasi kiasi cha kila kada: kiongozi, msaidizi, mpishi, mgumu. Siku ya kuagana karatasi isomwe kwa Kiswahili mbele ya wote, wageni wakiwepo, kila mtu apokee mkononi na kutia sahihi. Baada ya hapo waimbe. Utausikia wimbo ulivyo.

Mfongo unajua siri

Sasa tuje kwenye raha yenyewe. Huna haja ya kuanzia Marekani. Panda hadi vijiji vya Wachaga ambako mifongo bado inatiririka, ile mifereji ya kuchepusha maji kutoka mito ya mlimani hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani. Wazungu waliofika Uchagani karne ya 19 waliistaajabia. Kila mfongo una watu wake na kiongozi wake. Ikitangazwa siku ya kusafisha, watu hutoka na majembe asubuhi, hupakua tope, huziba palipobomoka, na hakuna anayelipwa. Asiyetokea hutozwa faini au hukosa zamu yake ya maji.

Tazama kazi ile inavyoendeshwa. Anayechimba anajua maji haya yanakwenda wapi: kwenye migomba yake na kwenye ndoo ya jirani yake. Matokeo anayaona mchana ule ule, maji yakipita. Zamu imepangwa kwa kikao alichokuwemo, na akiona ameonewa ana pa kusemea. Na mwenye kihamba kikubwa naye yuko tope hadi magotini. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan waliandika kuhusu mahitaji yanayomfanya mtu afanye kazi bila kusukumwa: kuwa na sauti katika anachokifanya, kujiona anaweza, na kuwa na watu wake. Wazee wa mfongo wangewasikiliza kwa adabu, kisha wakawauliza kama wamekuja na majembe.

Swali lako basi ni hili: katika kazi ya watu wako, nani anayaona maji yakipita?

Jaribu kwenye jambo linalowatesa waajiri wote wa huku, yaani Desemba. Kila Mchaga aliyeko Dar es Salaam, Mwanza au ughaibuni anarudi nyumbani kuchinja mbuzi na ndugu zake, na mfanyakazi wako wa Marangu naye anataka awe kwao. Lakini ndio wakati hoteli zinajaa na wageni wanataka kuuona mwaka mpya wakiwa kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mabosi wengi hubandika ratiba ukutani tarehe 10 Desemba, kisha wanashangaa watu "kuugua" tarehe 24.

Fanya hivi. Mwezi Septemba waite wote, waonyeshe siku ambazo lazima kuwe na watu na idadi inayotakiwa kila zamu. Waachie karatasi, utoke nje. Wapange wenyewe. Watajua mambo usiyoyajua: nani ana ubarikio wa mtoto, nani ni Mwislamu na yuko radhi kushika Krismasi ili naye apumzike Idi, nani anahitaji pesa kuliko likizo. Waliobaki kazini wapewe malipo ya sikukuu kama sheria inavyotaka, na mwaka unaofuata wawe wa kwanza kuchagua. Ratiba itakayotoka huenda isiwe nzuri kuliko yako. Lakini wataitetea, kwa sababu ni yao, na mtu akitoroka atalaumiwa na wenzake kabla hujafungua mdomo.

Kushukuru kuna ufundi

Bosi wa Kitanzania hushukuru kwa jumla: "Nawashukuru wote kwa kazi nzuri, tuendelee hivyo hivyo." Shukrani ya namna hiyo haimfikii mtu yeyote. Taja kitendo, na taja kilichotokana nacho.

Kambi ya Barafu, ambako watu huanzia safari ya usiku kwenda kileleni, haina chanzo cha maji. Maji hubebwa kutoka bonde la Karanga, na kila kikombe cha chai anachokunywa mgeni pale juu kimepita mgongoni mwa mtu. Kiongozi anaweza kusema, "Asanteni wagumu." Au anaweza kumsogelea kijana fulani jioni ile na kumwambia: "Mdogo wangu, nimeona umeshuka kuchota mara ya pili bila kuambiwa. Yule mama aliyekuwa anatapika amepata maji ya kutosha usiku kucha, na amepanda." Ya pili haikuzidi sekunde kumi na tano. Kijana ataikumbuka hadi msimu ujao.

Tahadhari moja, na hii vitabu vya ng'ambo havikwambii. Huku kwetu kumsifia mtu mmoja mbele ya wenzake kunaweza kumtia matatani. Watamtania, watamwita mtoto wa bosi, na wengine watamwonea kijicho. Msifu faraghani, au isifu timu kwa kitendo mahususi. Zawadi za mfanyakazi hodari wa Mei Mosi, zile za cheti na friji, sina ugomvi nazo, ila mara nyingi zinakwenda kwa zamu ya idara na kila mtu anajua hivyo. Zisikuridhishe.

Kuna zoezi dogo lenye utafiti nyuma yake. Mwaka 2005 Seligman na wenzake waliripoti kwamba watu walioandika kila usiku mambo matatu yaliyokwenda vizuri, na sababu zake, kwa wiki moja tu, walibaki na nafuu ya moyo hadi miezi sita baadaye. Kwa timu yako huhitaji madaftari. Kwenye kikao cha jioni, kabla ya kuanza malalamiko ya jiko na mahema, kila mtu ataje jambo moja lililokwenda sawa leo na aliyelisababisha. Mara nyingi watamtaja mwenzao. Huo ndio ufanisi wake, kwa sababu sifa ikitoka kwa mwenzio haina kijicho.

Waonyeshe mwisho wa kazi yao

Mwaka 2007 Adam Grant na wenzake walichunguza vijana waliokuwa wakipiga simu kuchangisha fedha za chuo kikuu kimoja Marekani. Kazi ya kukatishwa tamaa: wengi hukata simu. Baadhi yao walikutanishwa kwa dakika tano na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha hizo. Mwezi mmoja baadaye muda wao wa simu ulikuwa umezidi mara mbili, na fedha walizochangisha vivyo hivyo. Wale ambao hawakukutana na mtu walibaki pale pale.

Moshi imejaa watu wasiouona mwisho wa kazi yao. Kina mama wanaochambua kahawa kwa mkono, wakitoa punje zilizovunjika na zilizoliwa na wadudu, wengi hawajawahi kuonja kikombe cha kahawa iliyotokana na mikono yao. Nyumbani wanakunywa chai ya maziwa. KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa 1933, kilifungua mgahawa wake wa kahawa mjini, Union Café, na wateja wengi niliowaona pale ni watalii. Kama una wachambuaji, wapeleke siku moja mahali pa kuonjea kahawa. Wawekewe vikombe viwili: kahawa iliyochambuliwa vizuri, na nyingine iliyoachiwa punje mbovu chache. Waonje wenyewe ile ladha ya uchachu. Waambie bei ya mnada inavyoshuka kwa ladha ile. Hapo hutahitaji kuwasimamia kwa fimbo ya maneno.

Hospitalini ni rahisi zaidi, maana wagonjwa wanapona na kurudi. Mgonjwa akileta ndizi za shukrani wodini, zisiishie kwa daktari na muuguzi. Mwite na mfagizi. Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika mwaka 2001 kuhusu wafanya usafi wa hospitali moja Marekani ambao baadhi yao walijiona ni sehemu ya tiba: walizungumza na wagonjwa, waliwaangalia wazee waliokuja kutembelea wagonjwa, walibadili picha ukutani kwa mgonjwa asiye na fahamu. Mshahara ni ule ule, cheo ni kile kile, lakini kazi waliigeuza wenyewe. Bosi hawezi kumlazimisha mtu kuigeuza kazi yake hivyo. Anachoweza ni kutomkemea anapoanza.

Kwenye mlima, kuigeuza kazi namna hiyo huwa ni ngazi pia. Kuna mgumu anayejua kila mmea, na mkifika Barranco penye ile miti mikubwa ya ajabu isiyofanana na kitu, yeye ndiye angewaeleza wageni vizuri kuliko kiongozi aliyechoka. Mpe dakika kumi zake, kiongozi atafsiri. Mwingine ana mkono wa mapishi, mwingine ana subira na mgeni anayelia kwa baridi. Viongozi wengi wa leo walianza na mzigo kichwani. Mwambie kijana waziwazi hatua inayofuata ni ipi, inahitaji Kiingereza kiasi gani, na kampuni itamlipia nini. Mtu akiiona ngazi, kilo 20 zina maana nyingine.

Habari njema na msiba

Mwajiri wa Kilimanjaro anajua kwenda msibani. Mfanyakazi akifiwa Rombo au Old Moshi, bosi anayekwenda mwenyewe, akatembea hadi kihambani, akatoa rambirambi na kukaa na wazee, amefanya kazi ambayo hakuna bonasi inayoweza. Usimtume dereva na bahasha kama una nafasi ya kwenda.

Tunachokosea ni habari njema. Shelly Gable na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba uhusiano hujengwa sana na jinsi unavyopokea mazuri ya mwenzio. Mpishi anakuja: "Bosi, binti yangu amechaguliwa sekondari ya bweni." Unasema "Hongera, bweni gharama zake si mchezo," macho yako kwenye simu. Umemzima. Weka simu chini. Muulize shule gani, alifanyaje, mama yake alisema nini. Dakika mbili, basi.

Kuhusu washauri wanaokuja na hesabu za furaha, jihadhari. Kulikuwa na kanuni maarufu iliyodai kwamba timu hustawi hisia njema zikizidi mbaya kwa karibu tatu kwa moja. Ilichapishwa 2005, na 2013 wakosoaji wakaonyesha kwamba hesabu zake hazikuwa na msingi. Bado inauzwa kwenye semina. Usimlazimishe mtu kutabasamu ili ufikie uwiano.

Utajuaje kama mambo yanakwenda? Usiwaulize uso kwa uso, watakwambia "tuko vizuri bosi". Fomu nazo mwandiko hutambulika. Weka makopo manne nyuma ya pazia, na bakuli mbili, moja ya maharage na nyingine ya mahindi. Kopo la kwanza: malipo yangu napata yote na kwa wakati. La pili: wiki hii kuna mtu aliyeona kazi yangu nzuri akaniambia. La tatu: nikisema jambo, linasikilizwa. La nne: ningemleta ndugu yangu afanye kazi hapa. Harage ni ndiyo, hindi ni hapana. Kila mtu aingie peke yake. Hesabu mbele yao, siku ile ile, matokeo yabandikwe. Rudia kila baada ya miezi mitatu, na kila mara badilisha jambo moja kutokana na ulichokikuta, la sivyo mara ya tatu watatumbukiza punje bila kufikiri.

Na kopo la kwanza likijaa mahindi, ahirisha pati ya mwisho wa mwaka, kalipe unachodaiwa.